Moshi wa Delhi na mwenye pikipiki ya miaka kumi na mitano

Tarehe 1 Julai 2025, sheli zipatazo 500 za Delhi zilianza kazi na kamera mpya juu ya pampu. Chombo cha moto kikiingia, kamera inasoma namba yake, mtambo unaitafuta kwenye daftari la usajili la taifa, na kikionekana ni cha dizeli kilichopita miaka 10 au cha petroli kilichopita miaka 15, spika inatangaza mbele ya watu wote kwamba hakitiwi mafuta. Polisi na maofisa wa usafirishaji wamesimama pembeni wakisubiri. Faini ilikuwa rupia 10,000 kwa gari na 5,000 kwa pikipiki, na chombo chenyewe kuvutwa kwenda kufanywa chuma chakavu.

Siku mbili baadaye waziri wa mazingira wa Delhi, Manjinder Singh Sirsa, aliiandikia barua Tume ya Ubora wa Hewa, iliyotoa amri hiyo, akiomba isimamishwe. Alisema kamera nyingine hazisomi, spika zinagoma, na mwenye gari akikataliwa Delhi anavuka tu mpaka na kujaza tangi katika miji jirani ya Gurugram au Noida. Wiki haikuisha, tume ikaisogeza amri mbele hadi Novemba.

Waliopigania hewa safi kwa miaka mingi walivunjika moyo, na ni rahisi kuona kwa nini. Wastani wa mwaka wa chembe laini za PM2.5 katika hewa ya Delhi unazidi maikrogramu 100 kwa mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linashauri 5. Kiwango cha India yenyewe, ambacho hakuna atakayekiita kikali, ni 40. Utafiti mkubwa wa watoto wa shule uliofanywa mwanzoni mwa karne hii na kutangazwa 2008 ulikuta kwamba zaidi ya watoto 40 katika kila 100 wa Delhi mapafu yao yalikuwa yamepungukiwa nguvu. Watoto hao sasa ni watu wazima, na baadhi wana watoto wanaosoma shule zilezile.

Hoja ya kiufundi nayo ina uzito. India inafuata viwango vya moshi viitwavyo Bharat Stage (BS), vinavyokwenda sambamba na vile vya Ulaya. Gari dogo la dizeli la BS-III liliruhusiwa kutoa gramu 0.05 za chembe kwa kila kilomita. La BS-VI, kiwango kilichoanza nchi nzima Aprili 2020, haliruhusiwi kuzidi gramu 0.0045. Kwa sheria ya karatasini, basi, gari moja la zamani linachafua kama mapya kumi na moja. Na amri ya kuyaondoa haikuzuka jana: baraza la mashauri ya mazingira, NGT, lilianza kuitoa mwaka 2014 na 2015, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha Oktoba 2018. Sheria inayolala miaka saba inawafundisha watu kuidharau ile itakayofuata.

Hayo yote nayakubali. Kinachonisumbua ni picha ya mwenye chombo cha zamani iliyochorwa katika mjadala huu: mtu mbinafsi, anayeng'ang'ania gari bovu huku watoto wa wenzake wakikohoa. Picha hiyo haifanani na daftari.

Tume ilitaja vyombo laki 62 vilivyopita umri Delhi pekee. Takwimu hiyo ilirudiwa kila mahali bila kufunguliwa ndani. Ukiifungua, laki 41 kati yake ni pikipiki na skuta. Yaani katika kila vyombo vitatu vilivyohukumiwa, viwili ni vya magurudumu mawili. Tulipokuwa tunawazia dizeli kubwa zinazotoa moshi mweusi kwenye foleni ya Ring Road, daftari lilikuwa limejaa pikipiki ndogo za petroli ambazo mtu huenda nazo kibaruani.

Kuna jambo la pili kuhusu hizo laki 62. Daftari la usajili linajua chombo kilipozaliwa, halijui kilipokufa. Pikipiki iliyogongwa na kuuzwa vipande, ile iliyouzwa kijijini katika jimbo la Bihar bila kubadilishwa jina, ile inayoota kutu darini, zote bado zinahesabiwa hai Delhi hadi mwenyewe aende kuzifuta, na wengi hawaendi. Siku ya kwanza ya amri, pamoja na kamera na polisi wote wale, vyombo vilivyonaswa havikufika 100. Wengine walijificha, bila shaka. Walikuwa na taarifa ya miezi kadhaa. Lakini kati ya laki 62 na mia moja kuna pengo ambalo kujificha peke yake hakulielezi. Na likichukuliwa kwa uzito, linakata pande zote mbili. Kama vyombo hivyo kwa sehemu kubwa havipo barabarani, basi hatari yake ilikuzwa, na pia hewa tuliyoahidiwa baada ya kuviondoa ilikuzwa.

Vilivyobaki barabarani ni vya nani? Mwaka 2004 vibanda vya Yamuna Pushta, kando ya mto katikati ya mji, vilibomolewa, na familia nyingi zikapelekwa Bawana, kilomita zaidi ya 30 kutoka mahali walipokuwa wakifanya kazi. Fundi bomba, mpishi wa nyumbani, mlinzi wa usiku: wote walijikuta kazi iko upande mmoja wa jiji na kitanda upande mwingine. Anayeingia zamu saa nne usiku na kutoka alfajiri hana anasa ya kungoja basi ambalo huenda lisije. Alichofanya ni kununua pikipiki iliyotumika, kuitunza kwa mikono yake, na kuiendesha mpaka leo. Serikali haikumpa njia nyingine ya kufika kazini.

Hapo ndipo historia ya Delhi inapopaswa kusomwa yote. Tarehe 28 Julai 1998 Mahakama ya Juu, katika shauri la wakili M.C. Mehta lililokuwa mahakamani tangu 1985, ilitoa amri maarufu ya gesi asilia: mabasi yote ya mjini yatumie gesi ifikapo 31 Machi 2001, na teksi na bajaji za kabla ya 1990 zibadilishwe. Ilikuwa kazi ngumu. Bajaji zililala kwenye foleni za gesi usiku kucha, abiria waliokosa mabasi wakafanya ghasia Aprili 2001, na mwaka uliofuata mahakama ikawatoza wenye mabasi ya dizeli rupia 500 kwa siku kwa kila basi, kisha 1,000. Basi la mwisho la dizeli liliondoka barabarani Desemba 2002. Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kuona msururu wa bajaji kwenye kituo cha gesi anajua dereva anapoteza kiasi gani cha siku yake pale, na siku ile haitarudishwa na takwimu nzuri za hewa.

Hata hivyo amri ile ilikuwa na akili. Ililenga vyombo vinavyochoma mafuta kuanzia asubuhi hadi usiku, ambavyo kimoja hukimbia kilomita nyingi kuliko magari kadhaa ya nyumbani. Na ilikuwa na nusu ya pili ambayo leo haitajwi: mabasi ya Delhi yaongezwe yafike 10,000 ifikapo 1 Aprili 2001. Wakati huo mji ulikuwa na watu karibu milioni 14. Mwaka 2025, watu wakiwa wamepita milioni 20 kwa mbali, mabasi ya umma bado hayajafika idadi ile. Metro, treni ya mjini, ilifunguliwa Desemba 2002 na imekua sana, lakini Metro haimfikishi mtu mlangoni. Nusu ya amri inayomnyima mwananchi chombo imefuatiliwa kwa kamera. Nusu inayompa usafiri imepigwa danadana kwa robo karne. Pikipiki ya miaka kumi na mitano imeziba pengo la basi lile, na aliyelikosa basi ndiye anayeitwa mchafuzi.

Wanaotetea kipimo cha umri wana jibu zuri, pengine bora kuliko hoja zao nyingine zote: umri hauhongeki. Kila chombo India kinatakiwa kuwa na cheti cha moshi, PUC. Utakiona kibanda chake kando ya sheli: kijana anachomeka bomba kwenye ekzosi, injini inanguruma palepale ilipo bila kubeba mzigo, karatasi inatoka, umeondoka. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu wa India, iliyowasilishwa katika bunge la Delhi mwaka 2025 ilikuta kwamba vyombo zaidi ya laki moja vilipewa cheti ilhali vipimo vyake vyenyewe vilikuwa vimezidi kiwango. Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kubeba sera. Tarehe ya usajili angalau ni tarehe. Hata Afrika Mashariki tumeikimbilia: Kenya inakataa magari yaliyozidi miaka 8 yasiingie, Uganda tangu 2018 imeweka 15. Ila sisi tunaitumia bandarini na mpakani, kabla mtu hajalinunua gari. Kumnyang'anya mtu alichokwisha kukilipia, ambacho pengine kina hali nzuri kuliko cha jirani yake cha miaka minane, ni jambo jingine.

Tena umri unakosea hata kwa hesabu zake wenyewe. Delhi ilianza BS-IV kwa magari Aprili 2010. Gari la dizeli la 2011 na la 2019 yalizaliwa chini ya kiwango kimoja, lakini la kwanza lilihesabiwa maiti mwaka 2021 na la pili lina uhai hadi 2029. Agosti 2025 Mahakama ya Juu ilisimamisha hatua kali dhidi ya wenye vyombo kwa sababu ya umri pekee. Desemba, moshi wa majira ya baridi ukiwa umeufunika mji, ikarekebisha: kinga ibaki kwa BS-IV na kuendelea, na BS-III kurudi nyuma viweze kuchukuliwa hatua. Wengi waliupokea uamuzi huo kama suluhu ya busara. Kwa mwenye gari ni kweli. Lakini pikipiki hazikupata BS-IV mwaka 2010. Kiwango hicho kilizifikia Aprili 2017, mahakama hiyohiyo ilipozuia kuuzwa kwa za BS-III. Maana yake, gari la petroli la katikati ya 2010 limesalimika, na pikipiki ya mwezi huohuo haikusalimika. Itakuwa hivyo kwa kila pikipiki itakayotimiza miaka 15 hadi ifike 2032. Marekebisho yaliyokuja kupunguza dhuluma yamemfuta machozi mwenye gari, na kumwacha wa Bawana pale alipokuwa.

Pikipiki si malaika. Utafiti wa 2016 wa chuo cha teknolojia cha IIT Kanpur, unaonukuliwa kuliko mwingine wowote, ulikadiria kwamba vyombo vya moto vinachangia kama asilimia 20 ya PM2.5 inayozalishwa Delhi. Ndani ya sehemu hiyo malori yalikuwa na asilimia 46, pikipiki na skuta 33, magari madogo 10. Tafiti nyingine zimeongeza sana mchango wa usafiri, na Novemba moshi wa mabua ya mpunga yanayochomwa katika majimbo ya Punjab na Haryana unavuruga hesabu zote. Theluthi ni nyingi. Ila ni theluthi ya pikipiki zote, mpya na kuukuu, na karibu nusu yote ilikuwa ya malori. Mwaka 2018 barabara mbili za mzunguko, kila moja kilomita 135 hivi, zilifunguliwa ili malori yasiyo na shughuli Delhi yapite nje. Mwenye lori alijengewa njia ya kupita. Mwenye pikipiki aliwekewa kamera.

Na akikubali kuiachia, anapata nini? Kwa utaratibu wa India wa kuchakaza vyombo uliotangazwa 2021, thamani ya chakavu ni asilimia 4 hadi 6 ya bei ya chombo kipya. Tuseme pikipiki mpya ya kawaida ni rupia 80,000: mkononi zitabaki kati ya 3,200 na 4,800, chini ya ile faini ya 5,000. Cheti cha kuchakaza kinampa punguzo la kodi la hadi asilimia 25 akinunua chombo kipya, punguzo linalomfaa mwenye fedha za kununua kipya. Sera ya Delhi ya vyombo vya umeme ya Agosti 2020 ilikuwa na fungu bora zaidi: ruzuku ya hadi rupia 30,000 kwa pikipiki ya umeme, na nyongeza kwa anayeisalimisha ya zamani. Fungu hilo lingeelekezwa kwanza kwa wenye pikipiki za BS-II na BS-III wa makazi ya pembezoni kama Bawana, Narela na Holambi Kalan, likalipwa siku ile ile chombo kinaposalimishwa badala ya kusubiri, na mabasi ya alfajiri na usiku wa manane yakapelekwa huko kabla ya kamera kuwashwa tena, ningekuwa wa kwanza kutaka spika zile zitangaze namba bila kumwonea mtu haya.