Mchepuo wa Makambako: malori yapite wapi?

Saa nne usiku, njia panda ya Makambako, mkoani Njombe, baridi inakata masikio. Mama lishe anachochea supu hatua chache tu kutoka kwenye matairi ya semitrela inayokwenda Tunduma. Dereva anashuka, anakula amesimama, anapanda. Mwulize huyo mama kama malori yapitishwe nje ya mji, jibu lake unalijua. Mwulize mzazi ambaye mwanawe anavuka barabara hiyohiyo kila asubuhi, na lake unalijua.

Mpango wa usafiri wa miaka 20 ukipitiwa upya katika mji kama huu, hoja ya mchepuo, yaani barabara ya kuyapitisha malori nje ya mji, haikwepeki. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati, ya Songea inachipukia hapohapo. Lami moja inabeba shehena ya Kongo, basi, bajaji, guta la viazi na mwenda kwa miguu. Lori likizima njia panda, abiria wa Mbeya na wa Songea wote wanakaa kusubiri.

Wapinzani wanasema mji utakufa. Hujibiwa kwa mfano wa Iringa: barabara kuu iko chini Ipogolo, mji uko juu kilimani, na unadunda. Mimi mfano huo haunishawishi. Iringa ni makao makuu ya mkoa, ina ofisi na vyuo vyake. Makao makuu ya mkoa wa Njombe yako Njombe mjini, kilomita 60 hivi kusini. Makambako inakula kwa anayepita.

Ila lori linalopita tu halimwachii mtu hata mia. Fedha inabaki pale dereva anaposimama, akala, akalala. Maegesho yenye taa, vyoo na vibanda, mchepuo unapoanzia, yanaweza kuokoa sehemu kubwa ya biashara hiyo. Nasema yanaweza, maana vibanda vya namna hiyo vikishapangiwa kodi, mara nyingi anayeingia si yule mama wa supu.

Halafu kuna TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa 1970 hadi 1975, yenye stesheni mjini hapo. Ikifufuliwa kweli, shaba ikarudi kwenye mabehewa, mchepuo wa mabilioni unaweza kubaki uwanja wa kujifunzia pikipiki. Kwa hiyo wanaosema tusikimbilie kujenga nawaunga mkono.

Lakini njia ya mchepuo ipimwe sasa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na wakazi wa kandokando wanazisoma X ukutani bila mkalimani: nyekundu, umeifuata barabara, bomoa; kijani, barabara imekufuata, ngoja fidia. Leo ukipima kwenye mahindi na alizeti, utalipa shamba. Ukichelewa, utalipa nyumba, maduka na pengine msikiti.

Tatizo ni mwenye shamba. Akishawekewa bikoni, zile alama za wapimaji, hajengi, na mnunuzi hamwoni tena. Anakaa na ardhi isiyo yake wala ya serikali. Kabla mkutano wa mtaa haujanyoosha mikono, wenyeviti wawabane wapimaji: fidia italipwa mwaka gani, na fungu litatoka TANROADS, wakala wa barabara kuu, au halmashauri? Na jibu liandikwe kwenye muhtasari.