Jaketi Okozi Halijazwi Upepo Ndani ya Ndege

Watu wa Dodoma tukizungumzia usalama wa safari huwa tunazungumzia mabasi. Bahari tumewaachia watu wa Pwani. Lakini siku hizi mtu anapanda ndege hapa asubuhi, anabadilisha Dar es Salaam, kisha anavuka kwenda Unguja kwa kandege ka injini moja. Wengi wetu tumekulia Bahi, Manyoni, Mpwapwa. Kuogelea hatujui.

Ndiyo maana siachi kuisimulia ajali ya Komoro ya tarehe 23 Novemba 1996. Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilitekwa na watu watatu waliotaka iwapeleke Australia. Rubani Leul Abate aliwaambia mafuta hayafiki huko. Wakakataa kumwamini. Mafuta yakaisha, injini zikazimika, ndege ikaangukia majini karibu na ufukwe wa Ngazija na kukatika vipande. Kati ya watu 175, walipona 50 tu.

Kinachoniuma hasa ni hiki: wapo walionusurika kile kishindo, kisha wakafa kwa sababu walishajaza majaketi upepo wakiwa bado ndani. Maji yakiingia, jaketi lililojaa linakunyanyua hadi darini na kukubana hapo. Mlango uko chini yako, na kuzama uufikie huwezi.

Januari 2015, rubani aliyekuwa peke yake kwenye ndege ndogo aina ya Cirrus akielekea Hawaii alishindwa kuhamisha mafuta ya akiba. Alielekea ilipokuwa meli ya abiria, akafungua mwavuli unaoishusha ndege nzima, akashuka nao hadi baharini, akaingia kwenye boti ya mpira. Akaokolewa. Yeye alijua cha kufanya kabla ya kugusa maji.

Abiria wetu je? Nimeshakaa kwenye ndege ambayo maelezo yalitolewa kwa Kiingereza cha haraka, pangaboi likiunguruma, na mama wa makamo pembeni yangu akitikisa kichwa kwa heshima tu. Hakuna aliyemwonyesha kijifuko chenye jaketi wala ile kamba nyekundu ya kuvuta.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilazimishe maelezo haya yatolewe kwa Kiswahili, taratibu, kabla injini haijawashwa, na rubani alishike jaketi mkononi abiria walione. Hadi hapo, ndugu yangu, ukishafunga mkanda muulize rubani bila aibu: jaketi liko wapi, na nikishatoka nje navuta wapi?