Reli Imeshika, Mimi Nimeshikwa

Nani alisema kufunga reli ya kutundikia vyombo gerejini ni kazi ya nusu saa? Ni kile kijitabu kilichokuja ndani ya boksi. Eti gonga ukuta, tafuta nguzo ya mbao iliyojificha ndani, kisha inchi 16 mbele utapata nyingine. Mbao! Ndani ya ukuta! Hapa Kasarani? Ukuta wangu ni mawe ya Ndarugo. Ukiugonga unachopata ni kidole kilichovimba. Hayo ni maagizo ya nyumba za Marekani, na mimi nimesimama hapa nimeegemeza sikio ukutani, watoto wa jirani wakinichungulia getini.

Nikampigia fundi. Akasema yuko "hapo tu stejini". Steji gani, hakusema. Alipotokea, saa ya chai haswa, akatoa nyundo, kisu na kipande cha mbao, akaanza kuchonga vijiti. Mpango wake: toboa, gongomea kijiti shimoni, kaza skrubu ndani ya kijiti.

"Hii hata ndovu inabeba, mdosi."

Ndovu sina. Nina baiskeli, ngazi, wilbaro, na masanduku ya shemeji aliyeenda Qatar akisema anayaacha "wiki moja tu". Kijiti kikikauka kinasinyaa, skrubu inalegea, na chini ya reli hiyo ndipo linapolala gari ambalo sacco bado inanidai.

"Fundi, tumia fisha, zile plagi za plastiki za kushika skrubu ukutani."

"Fisha ni za matajiri wa Karen, mdosi."

Hadiwea nikaenda mwenyewe. Kurudi, ikawa darasa. Fisha ya milimita 8 inataka biti ya drili ya 8, si ya 10 ambayo fundi anaipenda kwa kuwa ndiyo aliyo nayo. Shimo lipite urefu wa fisha kidogo, vumbi lipulizwe lote. Plasta usiihesabu kabisa, hiyo ni ya kushika rangi. Fisha izame kwenye jiwe lenyewe, mbali na ile simiti ya kati ya jiwe na jiwe. Na usitoboe juu ya swichi, nyaya hupandia hapo. Fundi alikuwa akiitikia "sawa, sawa" huku akitazama simu.

Stima nayo, iliyoshinda asubuhi nzima ikizurura kwenye nyaya bila kazi, ikapotea drili ilipouma jiwe tu.

"Baba Kevo, si ungenunua kabati?" Hiyo ni sauti kutoka jikoni. Nikanyamaza. Ndoa ni kunyamaza.

Stima ikarudi, tukatoboa, tukapuliza, tukakaza. Pima maji ikaonyesha reli imelala sawa. Fundi akadai jicho lake linaona imeinama. Jicho hilohilo lililoweka mlango wa jirani ambao mpaka leo hufungwa kwa kamba. Nikajining'iniza mzima mzima, na tumbo langu la ugali. Haikutikisika.

Mwenye nyumba akaingia wakati huohuo, amekuja kusoma mita ya maji. Akaivuta reli kwa mikono miwili. Akatabasamu, jambo ambalo hata siku ya kodi halifanyi.

"Kazi safi. Sasa hii, siku ukihama, utaiacha. Imeshakuwa ya nyumba."

"Nina risiti, mzee!"

"Basi ing'oe. Mashimo tutayakata kwenye dipoziti."

Fundi akakunja kisu chake taratibu. "Ya vijiti, mdosi, ungeing'oa kwa mkono mmoja."