Mchekeshaji akichora sonona, tusimwambie arudi kwenye utani

Kuna lawama moja ambayo wachoraji wa katuni za mtandaoni huipata kila wanapogusa ugonjwa wa akili: "Sisi tulikuja kucheka." Mtu amechora vituko kwa miaka, utundu wake wa utotoni, mbwa wake wasioelewa chochote, siku alizoshindwa hata kufua nguo, na wasomaji wamezoea kufungua ukurasa wake jioni wakiwa hoi kwa kazi. Halafu siku moja anaweka katuni inayosema kwamba hana hamu ya kitu chochote na hajui hamu hiyo ilikwenda wapi. Wengi humtakia nafuu. Lakini hawakosi wanaoona wameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Lawama hiyo si ya haki, na pia imekosea kuhusu sanaa yenyewe. Naamini kwa dhati kwamba katuni ya vichekesho inaweza kuonyesha sonona, ule ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu, waziwazi kuliko karibu maandishi mengine yote niliyowahi kuyasoma, na inaweza kufanya hivyo kwa sababu ni ya vichekesho. Ukiondoa utani wa miaka ile ya nyuma, ile katuni ya huzuni inapoteza nusu ya nguvu zake.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Mmarekani Allie Brosh, aliyeanzisha blogu ya katuni iitwayo *Hyperbole and a Half* mwaka 2009. Ukiiona michoro yake kwa mara ya kwanza utadhani imechorwa na mtoto. Aliichora kwa programu nyepesi ya kupaka rangi kwenye kompyuta, na yeye mwenyewe anajichora kama kiumbe chenye gauni la pinki, mikono myembamba na pembetatu ya njano kichwani. Macho yamemtoka pima. Akifurahi, mdomo unakaribia kuupasua uso. Akikasirika, kisanduku kizima kinakuwa hasira. Katika kisa kimoja ni mtoto anayeitaka keki iliyookwa kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya babu yake, na uchu wake umechorwa kama vita vya kufa na kupona. Anaipata, anaila yote, na ushindi unamtokea puani. Katuni zake zote za wakati huo zinaendeshwa na kitu kimoja: hisia iliyotiwa chumvi mpaka inafurika. Msomaji anacheka kwa sababu anaijua hisia yenyewe, ila yeye alikuwa akiificha na huyu ameiacha ikimbie uchi barabarani.

Oktoba 2011 akaweka katuni kuhusu sonona yake. Kisha kimya. Ilipofika tarehe 9 Mei 2013, baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, akaweka sehemu ya pili.

Tazama kilichobadilika katika hizo mbili, maana ni kidogo mno. Kiumbe ni kilekile, mistari ni ileile iliyopinda. Hakuna michoro ya giza wala mvua inayonyesha dirishani, hakuna mtu aliyeshika kichwa pembeni ya ukuta, picha ambayo kila gazeti huibandika juu ya habari za afya ya akili. Kilichobadilika ni uso. Mdomo uliokuwa ukipasuka kwa furaha umekuwa kistari kifupi. Macho yapo wazi, makubwa kama zamani, lakini hayatazami kitu. Anakaa. Kisanduku kinachofuata bado amekaa.

Kwa msomaji aliyeujua uso ule tangu enzi za keki, kistari kile kifupi kinatisha. Amekaa naye muda wa kutosha kujua ni nini kilitakiwa kuwepo pale na hakipo. Mwandishi anayeanza kitabu chake na huzuni hana nafasi hiyo. Inambidi atueleze kwamba zamani mhusika wake alikuwa mchangamfu, nasi tunamwamini kwa adabu tu. Hapa hatukuelezwa. Tulikuwepo.

Na hili linagusa kiini cha ugonjwa. Watu wengi wakisikia sonona wanafikiria machozi. Maelezo ya Shirika la Afya Duniani yanataja huzuni, ndiyo, lakini yanataja pia kupoteza raha na hamu katika mambo ambayo mtu aliyapenda, hali inayochukua sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Hiyo sehemu ya pili ndiyo isiyoeleweka mitaani. Mtu asiyelia, anayejibu salamu, anayekwenda kazini, tunasema mzima. Kumbe ndani amekufa ganzi. Na ganzi ni vigumu kuichora, kwa kuwa ni ukosefu. Utachoraje kitu ambacho hakipo? Sanaa iliyojengwa juu ya hisia zilizozidi ina jibu tayari: zinyamazishe tu hizo hisia, pengo litaonekana lenyewe.

Brosh mwenyewe anaieleza ganzi hiyo kupitia midoli ya utotoni. Mtoto anaweza kucheza na farasi wa plastiki kutwa nzima, akiwapa maisha, ugomvi na safari. Anakua, na siku moja anawashika farasi walewale, anawasogeza vilevile, na hakuna kinachotokea. Ni plastiki. Kwa mtu mzima mwenye sonona, anasema, hali ni hiyo, ila imeenea kwa kila kitu: chakula, marafiki, kazi, kesho. Sijakutana na maelezo mepesi kuliko hayo ambayo pia ni sahihi. Nilimtumia rafiki yangu ambaye alikuwa akiandamwa na hali hiyo, akiwa ameshindwa kuwaeleza ndugu zake kwa nini haendi tena kwenye shughuli zao. Hakuniandikia maneno mengi. Aliipeleka moja kwa moja kwa dada yake, bila maelezo, na dada akampigia simu usiku uleule.

Kuna pia kile kisa cha samaki, ambacho kwa maoni yangu kinastahili kusomwa na kila mtu mwenye ndugu mgonjwa. Brosh ana samaki wake, na samaki wamekufa. Anawaambia watu: samaki wangu wamekufa. Wao wanamjibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba atawapata tu, wamepotea kidogo, au wanampa mawazo ya namna ya kuwachangamsha. Anawaonyesha: hawa hapa, wala hawajapotea, wamekufa. Wanazidi kumtia moyo. Inachekesha sana. Na wakati unacheka unayakumbuka yale unayomwambiaga mwenzako aliyelemewa: jikaze, toka nje upate hewa, mshukuru Mungu maana wapo wenye shida kuliko wewe. Maneno yote mazuri, na yote yanajibu shida ambayo yeye hakuitaja. Somo la aina hii likitolewa kwa kukaripiwa, mtu hujitetea. Likija kwa kicheko, linapenya kabla hajapata muda wa kujitetea. Hii si hila ya mwandishi. Ndivyo alivyokuwa akizungumza nasi tangu 2009, na wagonjwa wengi wa sonona hubaki na uwezo wa kuona kichekesho hata pale ambapo raha ya kucheka imewatoka.

Wapo wanaohofia sehemu ngumu zaidi, na hofu yao naiheshimu. Katika sehemu ya pili Brosh anasema waziwazi kwamba alifika mahali ambapo hakutaka tena kuishi. Je, mambo ya kujiua yanafaa kukaa kwenye katuni ya vichekesho? Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Kila mmoja ana waliobaki, na miongoni mwao wapo wasomaji. Utani mbaya hapa unaumiza, sibishi.

Lakini angalia alivyofanya. Haelezi njia yoyote. Haipambi hali ile wala haifanyi kuwa suluhisho. Anachora kitu kingine, ambacho sikuwahi kukiona kikisemwa: jinsi inavyokuwa vigumu kumwambia mtu wako wa karibu. Unamweleza, uso wake unabomoka, na ghafla ni wewe mgonjwa unayembembeleza mzima, ukimwambia pole, usilie. Hapo pana ucheshi, na pana ukweli ambao familia nyingi hawajawahi kuambiwa. Kisha anakwenda kutafuta msaada wa daktari, na anaendelea kuwa hai, bila nderemo.

Hadithi za namna hiyo zimewahi kuchunguzwa. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Thomas Niederkrotenthaler walichapisha katika *British Journal of Psychiatry* uchunguzi wa habari za magazeti ya Austria. Habari zilizorudiarudia kisa kilekile cha kujiua ziliendana na kuongezeka kwa vifo. Zile za mtu aliyefikiria kujiua, akaivuka hali hiyo bila kujidhuru, ziliendana na kupungua kwake. Uchunguzi ule ulihusu magazeti, haukuhusu katuni, lakini ukizipanga katuni mbili za Brosh upande mmoja au mwingine, jibu liko wazi. Wataalamu pia wamekuwa wakisisitiza kwamba kumuuliza mtu moja kwa moja kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Kimya chetu ndicho kinachomwacha peke yake nalo.

Na katika sehemu hiyo ya pili kuna ile punje ya hindi. Brosh yuko sakafuni jikoni, analia bila kujua analilia nini, na chini ya friji anaiona punje moja ya hindi iliyokauka na kunyauka. Anaanza kucheka. Anacheka mpaka inakuwa kama maumivu, na hawezi kumweleza yeyote kwa nini. Hapo ndipo kitu cha kwanza kinarudi baada ya ganzi ndefu. Mwandishi mwingine angetupa jua linachomoza, au mtoto anayemkumbatia. Yeye ametupa takataka chini ya friji, na haidai kwamba imemponya. Wanaojua namna nafuu inavyokuja, kwa mlango wasioutarajia na bila kupiga hodi, watakubali kwamba hapo hakutia chumvi hata chembe.

Sisemi kwamba kila katuni ya utani ikigeukia mambo mazito inafaulu. Tarehe 2 Juni 2008, *Ctrl+Alt+Del*, katuni ya utani kuhusu wapenzi wa michezo ya kompyuta, iliweka visanduku vinne visivyo na neno hata moja: kijana anaingia hospitali mbio, anaulizia mapokezi, anazungumza na daktari, kisha anamkuta mpenzi wake kitandani akilia, mimba imetoka. Wasomaji waliigeuza dhihaka, na dhihaka hiyo imedumu miaka mingi, watu wakivichora visanduku vile kwa vijistari tu. Wengi hudai kosa lilikuwa kuacha utani. Mimi nadhani kosa lilikuwa kuiacha sauti. Katuni ile ilivua lugha yake yote na kuazima ukimya wa filamu za huzuni, na mwanamke mwenye msiba akawekwa kisanduku cha mwisho kama pambo la mshtuko wa mwanaume. Brosh hakuazima kitu. Alizungumza kwa sauti yake ya kila siku juu ya mwili wake mwenyewe.

Baada ya kitabu chake cha kwanza cha mwaka huohuo wa 2013, alinyamaza tena, na safari hii kwa miaka. Mashabiki waliulizana yuko wapi. Wengi kwa upendo, wachache kwa sauti ya mteja aliyecheleweshewa mzigo. Kitabu cha pili kilipotoka Septemba 2020 ndipo tulipojua kwamba mdogo wake alikuwa amefariki. Hakuitaja wakati ule. Alikuwa na haki ya kutoitaja. Msomaji anayedai utani kwa mchoraji anakidai kitu hicho kwa mtu ambaye hajui amebeba nini, na kwangu hiyo peke yake inatosha kuinyamazisha ile kauli ya "sisi tulikuja kucheka".

Kwa hiyo ukitaka kumsomesha mtu katuni hizi, labda mzazi asiyeielewa sonona ya mwanawe, au mwenzako anayetafuta maneno ya kujielezea, usimpe ile ya 2013 peke yake, kama orodha nyingi za mtandaoni zinavyopendekeza. Mpe keki ya babu kwanza. Mpe zile za mbwa wake. Mwache acheke siku kadhaa, aizoee ile pembetatu ya njano. Kisha ya 2011, halafu ya 2013, kwa mfuatano huo, na ukae karibu na simu, maana huenda akataka kuongea.