Bastola ya Bei ya Juu na Majibu ya Mkato

Kinachoniudhi ninapouliza kama bastola ya nusu otomatiki ya daraja la juu inastahili bei yake ni kujibiwa kwamba kizuri ni gharama, kana kwamba msemo huo ni maelezo. Sikatai kwamba kuna ufundi ndani yake: mtutu uliooanishwa kwa mkono na sehemu ya juu inayorudi nyuma, triga laini isiyokwaruza, chuma kilichochongwa kwa uangalifu. Lakini bastola ya kawaida kama Glock 17, yenye fremu ya plastiki, iliingia katika jeshi la Austria mwaka 1982 na hufyatua risasi zilezile za milimita 9 kwa uhakika, ilhali baadhi ya bastola za kifahari, kwa kuwa zimebanwa mno kwa ajili ya usahihi, huja na maelekezo ya kufyatua mamia ya risasi kwanza ndipo zilainike. Yaani mnunuzi alipe zaidi, kisha amalizie mwenyewe kazi ya fundi, tena kwa risasi za fedha zake! Usahihi huo wa ziada humfaa mshindani wa shabaha. Kwa mtu ambaye mkono wake hutikisika anapovuta triga, fedha hizo zingefaa zaidi kununulia risasi za mazoezi na kumlipa mkufunzi, jambo ambalo wauzaji ni nadra kulitaja.