Wape Watu Nyimbo Kwanza

Bendi changa ya roki ikivuma tu, utasikia watu wakisema ni intaneti iliyoibeba. Kwa Arctic Monkeys wa Sheffield, Uingereza, kauli hiyo imerudiwa mpaka imekuwa kama historia yao. Naipinga, maana inawapokonya sifa vijana wale wanne na mashabiki wao wa mwanzo.

Bendi ilianza mwaka 2002. Shoo ya kwanza waliipiga Juni 2003 kwenye baa iitwayo The Grapes, mjini kwao. Walipopata nyimbo za kurekodi, walizichoma kwenye CD na kuzigawa bure kwa waliokuja kuwaona. CD zenyewe zilikuwa chache, kwa hiyo aliyepata aliwachomea wenzake, na wengine wakazipandisha mtandaoni. Hata ukurasa wao wa MySpace, mtandao wa kijamii uliovuma enzi hizo, ulifunguliwa na mashabiki. Intaneti ilisambaza kitu ambacho watu walikuwa wameshakipenda ukumbini.

Matokeo yake, watu wakawa wanaingia kwenye shoo wakiwa na mashairi yote kichwani, wanaimba pamoja na bendi nyimbo ambazo hazijatoka rasmi. Lebo huru ya Domino ilipowasaini mwaka 2005, ilikuta watu tayari wapo. Oktoba mwaka huohuo singo yao ikashika namba moja Uingereza. Januari 2006 albamu ya kwanza ikauza zaidi ya nakala 360,000 ndani ya wiki moja!

Ila CD ya bure yenye nyimbo mbovu hutupwa siku hiyohiyo. Hizi zilitunzwa kwa sababu ya mashairi ya Alex Turner, mwimbaji wao. Aliandika foleni ya nje ya klabu, baunsa anayemzuia kijana mlangoni, vurugu ndani ya teksi usiku wa manane. Tena aliyaimba kwa lafudhi ya Sheffield, bila kujitia Umarekani hata kidogo. Kijana wa pale alikuwa anasikia Jumamosi yake mwenyewe inaimbwa, na mimi nisiyetoka huko namwamini kila neno.

Ndiyo maana naumia nikiona bendi changa yenye nyimbo nzuri imezifungia kwenye simu, inasubiri lebo ipige hodi, huku haijapiga shoo hata mtaani kwao. Jamani, zitoeni. Sisi wa kuzisambaza tupo.