Gari Lilelile, Tangi Tofauti: Haibridi Ughaibuni na Nyumbani

Shemeji yangu alinunua gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme, kwa sababu yangu, na kwa miezi mitatu ya mwanzo nilijuta kulisifia. Nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba gari langu huku ughaibuni linatumia lita 4 na nusu kwa kila kilomita 100 wakati wa kiangazi, naye, alipopata la kwake ambalo lilikuwa limekwisha kutumika nchini Japani, akakuta kwenye maelezo yake kwamba lingekwenda zaidi ya kilomita 30 kwa lita moja. Alipiga hesabu, akafurahi kuliko mimi. Baada ya kujaza tangi mara ya tatu akaniandikia: "Shemeji, hili gari lako linanidanganya. Sipati hata 20."

Nimeishi katika nchi ya baridi kwa miaka tisa sasa, na maoni yangu, ambayo najua baadhi ya wenzangu wa huku hawatayapenda, ni kwamba haibridi ya kawaida, yaani ile isiyochomekwa kwenye umeme, inafaa zaidi nyumbani kuliko huku inakosifiwa sana. Hata hivyo, ni huko huko nyumbani ambako wenye magari hayo wanavunjika moyo zaidi, kwa kuwa wanalipima gari kwa namba ambayo haikuandikwa kwa ajili ya barabara zao.

Namba hizo si za uongo. Kila moja ni jibu la swali lake. Toyota Aqua, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2011, ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita, kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08. Katika kipimo hicho gari huwekwa juu ya rola ndani ya maabara, likaendeshwa kwa dakika 20 hivi umbali unaozidi kidogo kilomita 8, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 24.4 kwa saa, na halifiki hata kilomita 82 kwa saa. Gari hilohilo lilipouzwa Marekani kwa jina la Prius c, mamlaka ya mazingira ya huko iliandika kwenye kibandiko chake maili 50 kwa galoni, ambazo ni kama kilomita 21 kwa lita. Kati ya 35 na 21 hakuna injini iliyobadilishwa wala betri iliyopunguzwa. Kilichobadilika ni swali tu. Wamarekani wanaingiza katika hesabu yao mwendo wa kasi, uendeshaji wa pupa, kiyoyozi na baridi.

Nao hawakuanza hivyo. Prius, haibridi nyingine ya Toyota, ya kizazi cha pili ilikuwa na maili 55 kwa galoni kwenye hesabu yao ya zamani, na walipobadilisha njia ya kukokotoa mwaka 2008, ikashuka hadi 46 bila kuguswa hata skrubu moja. Ulaya nayo ilianza kuachana na kipimo chake cha zamani mwaka 2017 kwa sababu kama hiyo, ikaingiza cha WLTP ambacho ni kirefu zaidi na hufika kilomita 131 kwa saa. Kwa hiyo mtu anayenunua gari lililotumika anarithi pia kipimo cha nchi na cha mwaka lilipotengenezwa, na aghalabu hakuna anayemweleza hivyo. Shemeji yangu, aliyekuwa akipata kilomita 19, alikuwa karibu sana na kile ambacho Wamarekani wangemwandikia.

Sisemi kwamba watengenezaji hawana lawama kabisa. Mwaka 2013 Ford ililazimika kushusha namba ya C-Max Hybrid kutoka maili 47 hadi 43 kwa galoni, baada ya kubainika kwamba namba ya kwanza ilitokana na kupimwa kwa gari jingine, Fusion Hybrid, lenye mitambo ileile lakini umbo linalopasua hewa vizuri zaidi. Sheria ya wakati huo iliruhusu. Mwaka uliofuata namba ikashushwa tena hadi 40, na wenye magari wakalipwa fidia.

Sasa nije kwenye tofauti ya huku na kule, kwa maana hapo ndipo penye utamu. Haibridi haina chanzo cha siri cha nishati. Kila kinachoingia kwenye betri yake kimetokana na petroli iliyo tangini, na inachofanya ni kuokota kile ambacho magari mengine yanakitupa. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya mwendo kwenye betri, badala ya kuuchoma wote kuwa joto kwenye diski. Ukisimama, injini inazimika. Ukianza kujongea, mota ndiyo inayokusukuma, kwa hiyo injini haifanyi kazi katika ile hali ya mzigo mdogo ambayo ndiyo inayopoteza mafuta zaidi. Mtu aliyewahi kukaa kwenye foleni ya saa nzima akisogea mita kumi kumi ataelewa mara moja kwamba gari hili ni kama lilibuniwa kwa ajili yake. Gari la kawaida katika foleni hiyo linakula mafuta bila kwenda popote, haibridi imenyamaza.

Huku nilipo, safari yangu ya kila siku ni barabara kuu ambako kila mtu anakwenda kilomita 120 kwa saa, na asiyekwenda hivyo anapigiwa honi. Katika barabara hiyo hakuna breki ya kuvuna, hakuna kusimama, na mota inasaidia kidogo tu. Linalobaki ni ukinzani wa hewa, ambao hukua kwa mraba wa mwendo, hata ukipanda kutoka 90 hadi 120 nguvu ya hewa inayokuzuia huongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Ni kweli kwamba injini nyingi za haibridi zinafuata mzunguko wa Atkinson, yaani namna ya injini kuchoma petroli, ambao unabana matumizi hata barabara ikiwa wazi, lakini jirani yangu mwenye gari dogo la dizeli ananikaribia sana kwa matumizi ya mafuta kwenye barabara hiyo, na sina la kumjibu.

Halafu kuna baridi, ambayo watu wa nyumbani hawaifikirii kwa kuwa hawana haja nayo. Injini ya haibridi inazimika tu pale ilipokwisha kupata joto. Asubuhi ya Januari, hapa kwangu, inaunguruma hata kwenye taa nyekundu, kwa sababu kisafisha moshi lazima kichemke, mafuta ya injini lazima yalainike, na mimi nataka hita, ambayo joto lake linatoka kwenye injini hiyohiyo. Betri nayo ikiwa baridi haipokei wala haitoi umeme kwa wepesi. Mamlaka za Marekani zinasema kwamba katika nyuzi 7 chini ya sifuri, gari la petroli la kawaida hupoteza kama asilimia 15 ya ufanisi wake mjini, ilhali haibridi hupoteza kati ya asilimia 30 na 34. Daftari langu linakubaliana nao: lita 4.5 mwezi Julai, 6.2 mwezi Januari, gari lilelile, dereva yuleyule, barabara ileile. Wenzangu wanaopiga picha dashibodi zao na kuzituma nyumbani hupiga za Julai.

Nyumbani baridi haipo, lakini joto lina gharama zake, na hapo ndipo tulipolipata tatizo la shemeji. Kiyoyozi cha haibridi nyingi kinaendeshwa kwa umeme wa betri, kwa hiyo ukikaa kwenye foleni na kiyoyozi cha nguvu zote, injini itawaka kila baada ya muda ili kuilisha betri. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni kwamba betri ya gari lake hupozwa na hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma, naye alikuwa ameliziba kwa mizigo, na kichujio nyuma ya tundu hilo hakikuwa kimesafishwa, pengine tangu gari lilipotoka Japani. Betri ikipata joto kupita kiasi, kompyuta inaipunguzia kazi ili isiharibike, na kazi hiyo inahamia kwenye injini. Alisafisha vumbi kwa dakika kumi. Kisha nikamwambia apime upepo wa tairi kwa kipimo, asitegemee kupiga teke, akakuta tairi zote nne ziko chini.

Jambo jingine linalotugombanisha ni namna ya kuhesabu. Huku tunasema lita kwa kilomita 100, nyumbani tunasema kilomita kwa lita, na namna hii ya pili inadanganya jicho. Anayetoka kilomita 10 kwa lita hadi 20 ameokoa lita 5 katika kila kilomita 100. Anayetoka 20 hadi 30 ameokoa chini ya lita 2, ingawa vyote viwili vinaonekana ni kuongeza kilomita 10. Shemeji alikuwa akisikitikia zile kilomita 10 za juu, ambazo katika tangi ni kidogo sana, na alikuwa amesahau kwamba gari lake la zamani lilikuwa linakwenda kilomita 9. Faida kubwa alikwisha kuipata, ila haikuwa na jina.

Kuhusu haibridi za kuchomeka nitasema kwa ufupi, kwa kuwa zimeanza kusafirishwa kwenda nyumbani kwa sifa kubwa. Tume ya Ulaya ilichapisha mwaka 2024 takwimu zilizochukuliwa kwenye magari yenyewe yakiwa barabarani, na ikaonekana kwamba yale ya kuchomeka yanatoa hewa ya ukaa mara 3 na nusu ya kile kinachoandikwa, wakati magari ya kawaida yanazidi kwa kama asilimia 20. Sababu ni kwamba watu hawayachaji kama ilivyodhaniwa. Kama huna pa kulichaji kila usiku, unabeba betri nzito kama abiria asiyelipa nauli.

Nilimshauri shemeji asiamini dashibodi, ambayo mara nyingi inajipendelea kidogo, bali ajaze tangi hadi pampu ijikate yenyewe, aandike kilomita, ajaze tena palepale, agawanye, kisha achukue wastani wa tangi tano. Tangi moja halisemi kitu. Amefanya hivyo tangu mwezi wa nne, nami nikafanya vivyo hivyo huku, tukakubaliana kubadilishana namba. Wiki iliyopita akaniletea ya kwake: kilomita 21.8 kwa lita, nyingi zikiwa za foleni na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Ya kwangu ya majira ya baridi, nilipoigeuza kwa hesabu yake, ilikuwa 16.4. Alikaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Basi shemeji, lete hilo gari lako huku."